Kijiko Kipi? Ujumbe Mmoja kwa Vyombo Vingi

Wapenzi wasikilizaji, wiki hii mazungumzo yetu yanaanza na kijiko. Msicheke, maana kijiko hicho kilinitia aibu mimi na wenzangu, na kilikuwa na uwezo wa kufanya makubwa kuliko aibu.

Miaka michache iliyopita, katika kituo kimoja cha redio nilikokuwa nikifanya kazi, tulipata programu ya kompyuta ya kutupunguzia mzigo. Ukiiandikia maelezo mara moja tu, yenyewe huyageuza kwa namna mbalimbali. Inakutolea taarifa ya kusomwa redioni, ujumbe mfupi wa simu, bango lenye picha, na filamu fupi yenye sauti kwa wale wenye simu kubwa. Kazi iliyokuwa ikiwachukua watu wanne siku mbili ikawa ya mtu mmoja kwa dakika chache. Tulifurahi, nani asifurahi?

Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na magonjwa ya kuharisha yalikuwa yamekwisha kupiga hodi. Nikaandika maelezo ya kutengeneza maji ya sukari na chumvi ya kumpa mgonjwa wakati anapelekwa zahanati. Lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, visiwe na kilima juu yake.

Redioni maelezo yale yalisomwa yote. Lakini ujumbe wa simu una kikomo, na programu, katika kuubana ili uenee, ikaondoa neno moja lenye herufi nne tu: chai. Vikabaki vijiko sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Niliupitia haraka haraka, nikaona Kiswahili chake kimekaa sawa, nikauruhusu uende.

Sasa fikirini. Kijiko kikubwa cha kulia chakula hubeba kiasi cha vijiko vitatu vya chai. Anayekitumia hicho atatia chumvi mara tatu ya ile inayotakiwa, na chumvi ikizidi hivyo humdhuru mtoto badala ya kumsaidia.

Aliyeushtukia ujumbe huo alikuwa mzee mmoja wa kata ya Buswahili, wilayani Butiama, mkoa wa Mara. Jirani yake, mama mwenye mtoto anayeharisha, alimpelekea simu amsomee. Mzee akasoma, akatulia, akauliza: "Mama, kijiko kipi?" Mama akaingia jikoni, akarudi na alichokuwa nacho, kijiko kikubwa cha kulia. Mzee akamwambia asichanganye kitu kwanza. Ikatafutwa pikipiki, mtoto akapelekwa zahanati, akapewa pakiti za dawa yenye vipimo sahihi, na akapona.

Baada ya hapo mzee akataka kutuandikia kupitia ile ile namba iliyotuma ujumbe. Simu ikamjibu kwamba ujumbe wake haukwenda. Namba yetu ilikuwa ya kutuma tu, haikuwekwa ili ipokee. Ilimchukua siku nane kunipata.

Nilikwenda Buswahili kumwomba radhi. Baada ya chai, nikamwuliza alijifunza wapi kuuliza swali kama lile, maana sisi wenye stashahada zetu halikutujia. Akacheka, akasema: "Mwanangu, mimi nilikuwa kiongozi wa kikundi cha Mtu ni Afya. Mwaka 1973."

Hapo, wapenzi wasikilizaji, ndipo nilipoona kuwa jambo tulilolidhani jipya, yaani kuchukua ujumbe mmoja na kuutoa kwa sura nyingi kwa watu mbalimbali, lina historia ndefu katika nchi yetu, na mikoa ya Ziwa ina sehemu yake kubwa katika historia hiyo.

Turudi nyuma kidogo. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa Tanzania Bara, kama 67 hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama na mwalimu kwa kazi yake ya kwanza, aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1968, ulikuwa umekwisha kuanza mradi wa majaribio wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO, wenye makao yake Mwanza. Mradi huo ulihusu mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Mara, na Ziwa Magharibi ambayo leo tunaiita Kagera.

Wataalamu wa mradi ule walikutana na swali lile lile ambalo leo linawashughulisha wenye kompyuta. Herufi za kufundisha ni zile zile, lakini wanaofundishwa hawafanani. Mkulima wa pamba wa Bunda ana mambo yake yanayomkosesha usingizi, mvuvi wa Majita ana yake, mfugaji ana yake, na mwenye shamba la migomba kule Bukoba ana yake. Basi hawakuandika kitabu kimoja. Waliandika vitabu vya kuanzia vya namna mbalimbali: vya pamba, vya migomba, vya uvuvi, vya ufugaji, vya maarifa ya nyumbani. Mkulima wa pamba alijifunza irabu na silabi kwa maneno ya shamba lake, na mvuvi kwa maneno ya wavu na mtumbwi. Mwaka 1974 likaongezeka gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, lililochapishwa Mwanza kwa ajili ya waliokwisha kujua kusoma, ili wasisahau. Kufikia mwaka 1986 ilitangazwa kwamba wasiojua kusoma na kuandika nchini walikuwa wamepungua hadi chini ya 10 katika kila 100.

Huko kulikuwa ni kwenye vitabu. Upande wa redio nao ulikuwa na hadithi yake. Mwaka 1941, huko Kanada, shirika la utangazaji la CBC pamoja na vyama vya wakulima walianzisha vikundi vya kusikiliza redio. Majirani walikusanyika nyumbani kwa mmoja wao, wakasoma kijitabu kilichotumwa kwa posta, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaandika walichokubaliana na kukirudisha kwa posta. Majibu yao yalifupishwa na kusomwa hewani. Mwaka 1956 mpango wa namna hiyo ulijaribiwa katika vijiji vya Poona, India. Baadaye wazo likafika kwetu, likashikwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikishirikiana na Radio Tanzania Dar es Salaam.

Walianza polepole. Mwaka 1970 ilikuwapo kampeni ya Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka 10 ya Uhuru, ikaja Wakati wa Furaha. Kisha, mwaka 1973, ikaja ile kubwa, Mtu ni Afya, iliyoandaliwa pamoja na Wizara ya Afya.

Kampeni ile ilichukua majuma 12. Ujumbe wake ulikuwa mmoja: magonjwa mengi yanayotuua tunaweza kuyazuia wenyewe. Lakini ujumbe huo ulitoka kwa sura nyingi. Ulitoka redioni kama kipindi. Ulitoka katika vijitabu vilivyoandikwa kwa Kiswahili chepesi na herufi kubwa, ili mtu aliyemaliza kisomo jana aweze kusoma leo. Ulitoka kwenye mabango, na hata kwenye vitambaa vya nguo vilivyochapwa alama ya kampeni. Malaria, kichocho, safura, kuhara damu, kifua kikuu, maji safi, kila jambo lilipewa nafasi yake.

Na katikati ya hayo yote alikaa kiongozi wa kikundi. Walifundishwa viongozi kama 75,000, kwa ngazi: wa taifa wakawafundisha wa wilaya, wa wilaya wakawafundisha wa chini yao, mpaka kijijini. Watu waliojiunga na vikundi walifikia kama milioni 2, wakati sensa ya 1967 ilikuwa imehesabu watu milioni 12 na ushee katika nchi nzima, watoto wakiwemo. Waliopima hali ya nyumba kabla na baada ya kampeni, wakihesabu mambo kama choo, usafi wa uwanja na mazalia ya mbu, waliona wastani wa mambo mema ya afya kwa kila nyumba umepanda kutoka 3.0 hadi 4.8. Vyoo vilichimbwa nchi nzima. Mwaka 1975 njia ile ile ikatumika tena katika Chakula ni Uhai.

Yule mzee wa Buswahili alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipopewa kazi ile. Alinieleza walivyokuwa wakikutana chini ya mti, redio moja katikati. Kipindi kikiisha, anasoma kijitabu kwa sauti, maana wengine walikuwa hawajajua kusoma, na wengine Kiswahili chenyewe kilikuwa kigeni kwao. Mara ni mkoa wa lugha nyingi: kuna Kizanaki, Kijita, Kikurya, Kikwaya, Kikabwa, Kijaluo na nyingine zaidi. Kwa hiyo akisoma sentensi moja, bibi mmoja anaieleza upya kwa lugha ya nyumbani, na hapo ndipo maswali yalipokuwa yakianza.

"Redio ilisema chimbeni choo," aliniambia. "Mzee mmoja akasimama akauliza, kwangu mimi chini ni mwamba mtupu, nichimbe kwa meno? Redio haikuwa na jibu. Kitabu hakikuwa na jibu. Tukakaa, tukabishana, mwisho tukakubaliana nyumba mbili zichange choo kimoja pale penye udongo. Hicho ndicho kilikuwa kikundi."

Naomba tulishike neno hilo, halafu tuvuke bahari kidogo tuone wenzetu walivyolifundisha jambo hili kwa mashine.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, Steven Feiner na Kathleen McKeown pamoja na wenzao walitengeneza programu iliyoitwa COMET. Kazi yake ilikuwa kumwelekeza askari jinsi ya kutunza na kutengeneza redio ya jeshi. Ndiyo, redio! Programu ile haikuhifadhi maelezo yaliyokwisha kuandikwa. Ilikuwa na maarifa juu ya redio hiyo, na kila ilipoulizwa ilitunga maelezo na kuchora picha zake papo hapo. Zaidi ya hayo, iliamua yenyewe lipi liende wapi. Kifungo kiko upande gani, hilo huonyeshwa kwa picha. Kwa sababu gani ufanye hivi, hilo huelezwa kwa maneno. Geuza kitufe, hilo hupewa yote mawili.

Wakati huo huo huko Saarbrücken, Ujerumani, Wolfgang Wahlster na wenzake walikuwa na mradi wao ulioitwa WIP. Wao walichagua mashine ya kutengenezea kahawa. Programu yao iliweza kutoa maelezo yale yale kwa Kijerumani au kwa Kiingereza, na kuyalinganisha na mtu aliye mbele yake, kama ni mgeni wa mashine ile au ni fundi.

Mwaka 1994, kijana mmoja wa Norwei, Håkon Wium Lie, alipendekeza kuwa kwenye mtandao maandishi yakae peke yake na sura yake ikae peke yake, ili maandishi yale yale yaweze kuvalishwa sura nyingine bila kuandikwa upya. Pendekezo hilo likawa kanuni rasmi mwaka 1996. Ndiyo sababu leo habari moja unaiona imekaa vizuri kwenye kompyuta kubwa, na vilevile kwenye simu ya kiganjani.

Na ule ujumbe mfupi wa simu ulioniponza je? Kikomo chake cha herufi 160 kilipendekezwa mwaka 1985 na Mjerumani Friedhelm Hillebrand, aliyekaa na taipureta yake akiandika sentensi za kawaida na kuhesabu herufi, akaona kuwa 160 zinatosha kwa mambo mengi. Ujumbe wa kwanza wa namna hiyo ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Simlaumu. Lakini hakuwa akiandika Kiswahili, wala hakuwa akimweleza mama kiasi cha chumvi.

Isidhaniwe kuwa sisi tulibaki nyuma. Novemba 2012 ilizinduliwa nchini kampeni ya Wazazi Nipendeni. Mama mjamzito, au baba, au ndugu, alituma neno "mtoto" kwenda namba 15001 bila malipo, akaeleza mimba ina majuma mangapi, na kuanzia hapo mashine ikampelekea ujumbe unaolingana na majuma hayo, bila mtu kukaa akiandika kila siku. Wa miezi mitatu alipata yake, wa miezi minane alipata yake, na aliyekwisha kujifungua alipata ya mtoto. Redio na mabango vilisema jambo hilo hilo kwa sura yake. Ni wazo lile lile la vitabu vya pamba na vya uvuvi, ila sasa aliyekuwa akichagua kitabu alikuwa mashine.

Siku hizi programu kama ile iliyotuponza hufanya zaidi ya hayo. Zinatunga maneno, zinachora, zinasoma kwa sauti inayofanana na ya binadamu. Na mimi sisemi tuzitupe, la hasha. Redio ya mkoani yenye watangazaji watano haina mchoraji wala mpiga filamu. Kiziwi asiyefikiwa na sauti yangu anafikiwa na picha. Kipofu anafikiwa na sauti. Mwenye simu ndogo ya tochi naye ana haki ya kupata habari sawa na mwenye simu kubwa. Mtu anayekataa msaada huo kwa jina la mambo ya zamani hajawahi kuandika taarifa moja mara nne usiku wa manane.

Ninachosema ni kuwa tumerithi nusu ya kazi ya 1973 na kuiacha nusu nyingine. Tumerithi kuugeuza ujumbe uende kwenye vyombo vingi. Tumeacha njia ya kumrudisha msikilizaji kwetu. Mkanada wa 1941 alirudisha karatasi yake kwa posta. Mwanakikundi wa 1973 alisimama chini ya mti akauliza. Mzee wa Buswahili, akiwa na simu mkononi ambayo ina uwezo wa kuzungumza na dunia nzima, alijaribu kuuliza akaambiwa ujumbe wake haukwenda.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Programu ile haikujua kuwa nyumba ile haikuwa na kijiko cha chai. Wala mimi sikujua, na mimi ni binadamu niliyezaliwa na kukua katika nchi hii hii. Tofauti ni kwamba mimi ningeweza kuulizwa, kama ningeacha mlango wazi.

Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa fundi wa kugeuza sura ya maneno. Aliifasiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikatoka mwaka 1963, na The Merchant of Venice, ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Uzeeni akazigeuza Injili kuwa tenzi, zikachapishwa mwaka 1996. Maneno yale yale yakapewa vina na mizani, mambo ambayo sikio la Mswahili linayafahamu tangu zamani. Lakini yeye alijua anamgeuzia nani. Alikuwa amekaa na watu hao darasani, mikutanoni, na kwenye mashamba ya Butiama.

Tangu kisa kile, nimejiwekea taratibu tatu, na ninazitoa hapa kwa wenzangu wa redio, wa magazeti, wa afya na wa kilimo. Kwanza, kila sura ya ujumbe isomwe na mtu, ikilinganishwa na maelezo ya asili neno kwa neno, hasa penye kipimo, tarehe, na neno la kukataza. Ukifupisha, fupisha salamu na sifa, usifupishe kipimo. Pili, kabla haujatumwa, asomewe mtu mmoja wa aina ya wale watakaoupata, kisha aambiwe aeleze atafanya nini. Akileta kijiko kikubwa, mmejua mapema. Tatu, namba inayotuma iwe namba inayopokea, na awepo mtu wa kujibu. Kama hakuna fedha za mtu wa kujibu, basi tujiulize kama tuna haki ya kutuma.

Nilipoaga pale Buswahili, mzee alinitolea kijitabu chake cha 1973, jalada limekwisha kutoka, kurasa zimekuwa rangi ya udongo. Pembeni mwa kurasa kuna alama ndogo za kalamu ya risasi. Nikadhani ni mambo aliyoyaona muhimu. Akasema hapana, pale ndipo watu walipouliza maswali. Nikahesabu katika ukurasa mmoja tu alama tisa.

Kuuliza si ujinga, wapenzi wasikilizaji. Ujinga ni wetu sisi tunaotuma bila kuweka mahali pa kuulizwa. Tukutane tena wiki ijayo.